Siku Tisini za Fundi Wembe

RISALA YA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA UCHAPAJI KWA MGENI RASMI, MKURUGENZI WA MFUKO WA BIMA YA AFYA, SIKU YA KUKABIDHI NGAO YA MWAJIRI BORA

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko wetu wa bima ya afya;
Meneja wa kiwanda;
Wasimamizi wa zamu;
Sista wetu wa zahanati;
Wafanyakazi wenzetu, mliokaa na mliosimama kwa kuwa viti havikutosha:

Makaribisho

Karibu sana, mgeni rasmi. Tunaomba radhi kwamba umeingia kwa mlango wa kupakulia mizigo. Mlango wa mbele ulipakwa rangi jana kwa heshima yako na mpaka asubuhi hii bado ulikuwa unanata. Harufu unayoisikia ni wino na gundi. Ukikaa nayo nusu saa hutaisikia tena, na ukifika nyumbani watu wako watakuuliza ulikuwa wapi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunausema msemo huu kwa mazoea, kama mtu anavyobisha hodi mlango ukiwa wazi. Leo tumeusema tukiwa tunaumaanisha.

Sisi ni nani

Kiwanda hiki kina miaka thelathini na minne. Kilianza na mashine moja ya kuchapa na mafundi saba, ambao mmoja wao bado yupo, ndiye aliyekupokea getini akasahau kukuomba kitambulisho. Leo tuko mia moja na kumi na wawili. Tunachapa daftari za shule, vitabu vya kiada, kalenda, vitabu vya risiti, na kadi za harusi ambazo wenyewe hubadilisha tarehe tukishamaliza kuzichapa.

Kila mmoja wetu ni mwanachama wa Mfuko wako. Makato yanatoka kwenye mshahara kabla sisi hatujauona, na hatulalamiki. Tulielezwa kwamba ni mwavuli, na mwavuli hununuliwa kabla ya mvua.

Mafanikio

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi. Uongozi umewasilisha michango yetu kwa wakati miaka sita mfululizo, na ndiyo sababu umekuja na ngao. Tumepata mashine mpya ya kukunja karatasi. Zahanati yetu ndogo ina muuguzi wa kudumu, ambaye ni mkali lakini ana haki ya kuwa mkali. Tena tunajivunia kwamba fomu zote za Mfuko, zile unazoziona kwenye kaunta za hospitali, zinachapwa hapa hapa. Fomu ya kuombea vifaa tiba, ile ya kurasa nne yenye ukingo wa kijani, ni kazi ya mikono yetu.

Changamoto

Tuliambiwa changamoto zisizidi mistari sita. Tulikaa kikao, tukajaribu. Tulikata hapa na pale kama tunavyokata karatasi, na kila tulipokata tulibaki na mtu mmoja. Mwisho tukakubaliana tukueleze habari za mtu huyo tangu mwanzo. Kama tutakula muda wa wengine, tunaomba msamaha mapema.

Tulimwita Wembe. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye jalada lenu, na ukilitafuta utalipata. Humu ndani ukilitaja, watu watakuuliza unamtafuta nani.

Alisimama kwenye mashine kubwa ya kukatia karatasi kwa miaka ishirini na miwili. Mashine ile ina kisu kirefu kuliko mkono wa mtu, kinashuka kwa pigo moja na kupita kwenye karatasi mia tano kama mtu anakata sabuni. Wembe alikuwa akipiga bunda la karatasi kwa viganja, pembe zikakaa sawa, akainama kulitazama kwa jicho moja, kisha akakata. Katika miaka yote hiyo hakupoteza hata ukucha. Wanagenzi wote waliopita hapa aliwafundisha neno moja kabla ya mengine yote: "Mkono kwanza, karatasi baadaye. Karatasi tunayo nyingi."

Kwamba alikoroma, tulijua siku nyingi. Tulisafiri pamoja wakati mmoja kwenda kumzika mama wa msimamizi wetu, tukalala ukumbi mmoja, na asubuhi mwenyeji wetu akauliza ni nani aliyewasha jenereta. Tulicheka safari nzima ya kurudi, na Wembe alicheka kutushinda.

Mkewe hakuwa anacheka. Sisi sote humwita Shemeji. Yeye alisikia kitu ambacho sisi hatukukisikia, kwa kuwa sisi tulisikia kelele na yeye alisikia ukimya. Mumewe alikuwa akikoroma, halafu anakatika. Kifua kinapanda bila pumzi kuingia. Shemeji alikuwa akihesabu kwa kidole juu ya shuka, moja, mbili, tatu. Siku moja alifika thelathini na nane ndipo mumewe akashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini. Asubuhi Wembe hakukumbuka lolote. Aliamka na kichwa kinachomgonga, akanywa chai, akaja kazini.

Huku kazini tulianza kumwona akisinzia. Mwanzoni ilikuwa baada ya chakula cha mchana, na nani hasinzii baada ya chakula? Kisha ikawa saa nne asubuhi. Kisha akawa anasinzia akiwa ameshika kikombe. Mgeni rasmi, tulimfanyia mzaha. Mmoja wetu alichora mto wa kulalia kwa chaki kwenye kabati lake la nguo. Hatukusema nani wakati ule na hatutasema leo, lakini aliyechora yumo humu ndani na anajijua. Barua ya onyo ikaja: kulala kazini. Wembe aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Ni kweli nimelala," alimwambia msimamizi. "Sibishi. Ila nashindwa kukueleza, maana hata mimi sielewi."

Siku chache baadaye, juma lile lile, dada anayeendesha mashine ya kukunja aliinua macho akamwona Wembe amesimama mbele ya kisu, viganja viwili juu ya bunda, kidevu kimeangukia kifuani. Dada alipiga ukelele uliosimamisha chumba kizima. Wembe alifumbua macho akatazama mikono yake, wa kulia na wa kushoto, kama anaihesabu. Kisha alichomoa ufunguo wa mashine, akaenda nao hadi kwa msimamizi.

"Chukua," alisema. "Nimewafundisha watu wengi kuogopa kisu hiki. Leo nimekigeuzia mgongo mimi mwenyewe."

Tangu siku ile hakukata tena. Alihamishiwa meza ya kuhesabu kurasa, kazi ya wanaoanza. Hakuna aliyemlazimisha. Ulikuwa uamuzi wake, na kila alipopita karibu na mashine yake aliigusa kwenye ubavu, kama mtu anavyomgusa ng'ombe aliyekwisha kumuuza.

Ni Sista aliyetuamsha. Alimwita zahanati akamkalisha.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Unaamka?"

"Saa kumi na moja."

"Saa nane nzima. Unaamkaje?"

"Sista, naamka kama mtu aliyebeba matofali usiku kucha."

Sista akampigia Shemeji simu pale pale, akamsikiliza, akaweka simu chini taratibu. "Huu si uvivu," alimwambia. "Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Wewe hulali, kaka yangu. Wewe unapigana. Kuna mashine ndogo, inapuliza hewa kupitia barakoa, inaweka koo wazi. Na bima inalipa."

Tunakumbuka alivyotoka zahanati siku ile. Alitoka anatabasamu. Mtu kuambiwa ni mgonjwa akatabasamu, hatujawahi kuona. Alikwenda kwenye kabati lake akaufuta ule mto wa chaki kwa kiwiko, kisha akatutazama wote. Tuliinamisha vichwa.

Sista alimwambia vituo ni vinne: daktari wa koo na pua, kipimo cha usingizi, kibali cha Mfuko, na duka la msambazaji. Wembe alisema vituo vinne si safari, ni kwenda dukani. Ilimchukua miezi kumi na mmoja.

Kumwona daktari kulichukua wiki sita. Daktari akamwandikia rufaa ya kipimo, yenye uhai wa siku tisini. Foleni ya kipimo ilikuwa ya miezi minne. Wembe, ambaye kazi yake yote ilikuwa vipimo, alimwonyesha karani hesabu hiyo kwa upole, kwamba barua itakufa kabla ya siku yake kufika. Karani alisema arudi ikishakufa. Akarudi ikishakufa. Akapata nyingine, na nafasi yake kwenye foleni ikabaki.

Kipimo kilipofanyika, jibu lilikuwa kwamba pumzi inakatika mara arobaini na moja kwa saa. Arobaini na moja, mgeni rasmi. Wembe alituletea karatasi ile mezani akatuonyesha, akasema, "Jamani, mnaona? Mimi nafanya kazi zamu mbili, na ya pili silipwi."

Kisha ikaja fomu. Ile yenye ukingo wa kijani. Aliijaza akarudishiwa kwa kuwa daktari aliandika urefu akasahau uzito. Akajaza ya pili, ikarudi kwa kuwa muhuri uliangukia juu ya sahihi. Ya tatu ilirudi kwa kuwa majibu ya kipimo sasa yalikuwa yamepita siku sitini, ikabidi daktari ayathibitishe upya. Ya nne ilipita. Fomu zote nne zilikuwa za toleo la mwaka ule ambao Wembe alikuwa bado kwenye kisu, kwa hiyo alizikata yeye mwenyewe. Alizoea kusema kwa utani, "Ningejua, ningewaongezea nafasi." Maana ile sehemu ya maelezo ya mgonjwa ina mistari miwili.

Siku ya kwenda kuchukua mashine, Shemeji alivaa kama anakwenda harusini. Fundi wa msambazaji alimkalisha Wembe kwenye kiti, akamvisha barakoa ya mfano, ya ukubwa wa kati, akawasha mashine ili amwonyeshe inavyofanya kazi. Wakati fundi anaeleza jinsi ya kuosha bomba, Wembe alikuwa ameshalala. Shemeji alimwomba fundi asimwamshe. Walikaa hivyo dakika ishirini, wateja wengine wakizungumza kwa kunong'ona, na kifua cha Wembe kikipanda na kushuka bila kukatika hata mara moja. Alipoamka, Shemeji anasema, alitazama dirishani kwa muda, machozi yakamtoka.

"Kumbe watu huwa wanaamka hivi?" aliuliza. "Kila siku?"

Lakini barakoa ya kati ilikuwa ya mfano tu, na stoo zilikuwa zimeisha. Aliyofungiwa kwenye boksi ilikuwa kubwa. "Kaza mikanda, mzee, itakaa," aliambiwa. Wembe alikuwa na uso mwembamba, na pua iliyopinda. Wewe hukumwona. Sisi tulimwona kila siku, na hata sisi tungejua haitakaa.

Ndani ya boksi kulikuwa na barua ya Mfuko. Ilisema kwamba kwa mgonjwa mpya mashine ni ya kuazima kwa siku tisini. Ilisema mashine yenyewe inahesabu saa na kuzituma. Mgonjwa ambaye hataivaa angalau saa nne kwa usiku, kwa usiku ishirini na moja kati ya thelathini, atahesabika kuwa haitumii, na itarudi.

Hatupingi sharti hilo. Mashine ni ghali, na kuna watu wanaozifungia kabatini. Tunasema tu kwamba mashine inajua saa, haijui sababu. Hewa ilivuja ikampiga machoni, akawa anaamka na macho mekundu kama mkata vitunguu. Akikaza mikanda, ngozi ya pua inachubuka. Akilegeza, inapiga mluzi mpaka watoto wanaamka. Aliomba barakoa ya kati, akaambiwa barakoa ya pili hulipiwa baada ya miezi sita. Siku zake zilikuwa tisini.

Fundi wetu wa kujalidi vitabu alimshonea kitambaa laini, kile tunachowekea mgongo wa kitabu, kikae kati ya plastiki na pua. Kilisaidia. Kutoka saa mbili akafika saa tatu. Akawa anakwenda kulala saa mbili usiku ili apate muda wa kuamka, kurekebisha na kuanza upya. Alikuwa na daftari la shule, anaandika kila asubuhi: saa tatu na dakika arobaini. Saa tatu na dakika hamsini. Saa nne na dakika tano, na hapo pembeni alichora nyota, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja. Mwezi wa tatu wa mashine alipata nyota kumi na sita.

Sista alipiga simu Mfuko mara kumi na moja. Akaandika barua. Jibu likaja kwamba barua imepokelewa.

Siku ya tisini na tatu alikuja mjumbe wa msambazaji. Wembe alikuwa ameambiwa siku moja kabla, akaileta mashine kazini imefungwa kwa taulo, bomba limeoshwa, waya umekunjwa. Mjumbe alikuwa na haya. Alisema, "Mzee, mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Ishike kwa chini, kioo chake hakipendi kubanwa."

Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Sababu ya kurudisha ilikuwa imekwisha kuchapwa: mtumiaji hatumii kifaa. Wembe aliisoma mara mbili. Aliuliza kama anaweza kuandika neno pembeni. Mjumbe alisema mfumo hausomi pembeni. Akatia sahihi.

Baadaye alipiga simu Mfuko akiwa hapa, mezani, tukisikia. Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti ya upole.

"Baba, jalada lako limefungwa. Mfumo unanionyesha wewe sasa ni mgonjwa mpya. Utaanza na rufaa."

"Binti yangu, ugonjwa ni ule ule."

"Naelewa, baba. Ila utaanza na rufaa."

"Nitaanza," Wembe alisema. "Asante, binti yangu."

Wapo wanaosema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu huyu hakuficha. Alianza tena, akapanga foleni ya daktari kwa mara ya pili. Akarudi kuamka na kichwa kinachogonga.

Sasa, mgeni rasmi, kuna sehemu inayotuhusu sisi, na hatuwezi kukueleza ya kwenu tukaficha ya kwetu.

Tangu Sista alipotuamsha tulikuwa na mpango. Saa ya chakula Wembe alilala kwenye benchi katika chumba cha kujalidi, na sisi tulizima mashine ya kukunja, tukapunguza redio, tukaenda kula uani. Shemeji alikuwa ametufundisha: "Akinyamaza kupita kiasi, mguseni bega tu. Atavuta pumzi." Basi tukawekeana zamu ya bega. Kila siku mmoja alibaki ndani na chakula chake. Mashine ilipokuja tuliiacha zamu hiyo, tukiona mwenzetu sasa anapata dawa yake. Mashine ilipoondoka tuliirudisha, ila kwa ulegevu, kama vitu vinavyorudishwa huwa.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, wiki ya tano tangu mashine ichukuliwe. Zamu ilikuwa ya fundi wa kujalidi, ambaye ndiye amesimama mbele yako akisoma risala hii. Wembe alilala saa saba kasoro. Alikoroma, akakatika, akaguswa bega, akaendelea. Kisha akanyamaza, lakini ukimya wa safari hii haukuwa na kile kifua kinachohangaika. Alitulia. Uso ulilegea. Fundi wa kujalidi alitoka mlangoni akatuambia kwa kunong'ona, kwa furaha, "Njooni mwone, leo hakoromi."

Tulikuja watu wanne. Tulisimama mlangoni tukamtazama. Tulisema, masikini, leo amepata usingizi. Mmoja wetu alivuta mlango ili mwanga usimpige machoni. Tukamwongezea robo saa juu ya saa yake.

Tulipokwenda kumwamsha, mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Daktari aliandika moyo. Sisi ni wachapaji, hatubishani na kilichoandikwa. Hatusemi Mfuko umemuua, wala hatusemi barakoa ya kati ingemweka hai hadi uzeeni. Siku za mtu anazijua Mungu. Tunasema tu tulichokiona kwa macho yetu.

Maombi

Mgeni rasmi, hatukuandika haya ili kukuharibia sherehe. Tumeyaandika kwa sababu dada anayeendesha mashine ya kukunja, yule aliyepiga ukelele siku ile akaiokoa mikono ya Wembe, naye amepimwa. Mara ishirini na nane kwa saa. Ni mjane, ana watoto wawili, na hakuna wa kumhesabia kwa kidole kwenye shuka. Amekaa safu ya pili. Hakutaka tumtaje, tukamwambia safari hii hatutanyamaza kwa adabu.

Wiki iliyopita alipata kibali chake na boksi lake. Barakoa iliyomo ni kubwa. Leo ni siku yake ya tisa.

Ombi letu la kwanza ni lake: apate barakoa inayomkaa, wiki hii, na siku zake zianze kuhesabiwa tangu itakapomkaa. Na likishakuwa lake, liwe la kila mgonjwa mpya. Kiatu hujaribiwa kabla ya kununuliwa. Kitu cha kulala nacho usoni kinastahili heshima hiyo hiyo.

Pili, kabla mashine haijachukuliwa kwa mtu, tunaomba mtu wa Mfuko amuulize kwa sauti kwa nini saa hazitimii. Simu moja inatosha. Wembe angemjibu kwa dakika mbili.

Tatu, aliyerudishwa nyuma asirudishwe hadi mwanzo. Kipimo chake kipo. Koo lake ni lile lile.

Kuna na dogo, la kiufundi. Ile sehemu ya maelezo ya mgonjwa kwenye fomu iongezwe kutoka mistari miwili. Karatasi ipo, na nafasi ipo chini ya ukurasa wa tatu, tumepima. Tutaichapa upya bila kudai kazi ya kupanga.

La mwisho si letu. Tulimwalika Shemeji aje leo. Alisema hana cha kufanya kwenye sherehe. Tulimuuliza kama ana neno la kumfikishia mgeni, tukidhani atataja fidia au ada za watoto. Aliingia chumbani, akatoka na lile daftari la shule. Alitukabidhi.

"Mwambieni kwenye jalada wameandika haitumii," alisema. "Waandike aliivaa. Mimi nilikuwa hapo. Kila usiku aliivaa."

Daftari tunalo. Tunakukabidhi mkononi pamoja na risala hii, na tunaomba usimpe msaidizi wako alibebe. Lina kurasa tisini, na hakuna ukurasa hata mmoja mtupu.

Shukrani

Tunaushukuru uongozi wa kiwanda, ambao uliisoma risala hii jana, ukakaa nayo mpaka jioni, na ukairudisha bila kufuta neno; machache ya leo tumeyaongeza kwa kalamu. Tunamshukuru Sista. Tunakushukuru wewe kwa kusikiliza ukiwa umesimama, wakati kiti chako kipo.

Mungu akujalie afya, na akulindie walio nyumbani kwako. Kila ulalapo, pumzi yako iende na irudi bila kuhesabiwa na mtu. Na uamke salama, wewe na sisi, na dada yetu wa safu ya pili.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Uchapaji: wa kuchapa, wa kukata, wa kukunja, wa kujalidi na wa kuhesabu.

Imesomwa kwa niaba yao na fundi wa kujalidi vitabu.